Kulishusha Gari Likunja

Mume wangu alikuwa na kawaida ya kusimulia jambo moja hata pale ambapo hakuna aliyemwuliza. Alikuwa kijana, ndiyo kwanza ameajiriwa karakana katika mashamba ya karanga ya Nachingwea. Alikuwa amelala chali chini ya trekta akifungua nati, mara akaona magurudumu manne yakipita mbele ya macho yake. Gari lenyewe hakuliona, aliona magurudumu tu, na juu yake bati jeusi lililokaribia kugusa vumbi. Matrekta yalikuwa yakiunguruma kila upande, miti inaangushwa, watu wanaitana, na lile gari likapita katikati ya makelele hayo kama mtu anayetembea usingizini. Alipojivuta kutoka chini ya trekta, lilikuwa limekwishatokomea na vumbi limekwishatua.

"Lilikuwa chini hivi," alizoea kuniambia, akishusha kiganja mpaka karibu na sakafu. "Chini kabisa, mke wangu. Lilikuwa linaelea."

Mimi nilimjibu kila mara kwamba kinachoelea ni mtumbwi, na Nachingwea hakuna maji ya kuelea hata bata. Sina subira na watu wanaoota mchana. Lakini nakiri kwamba siku hizi, nimebaki peke yangu na uzee huu, nami naliona lile gari likipita hivyo hivyo, chini, bila sauti, ingawa katika hali hiyo sikuwahi kuliona kwa macho yangu.

Lilikuwa gari la bwana mkubwa wa mashamba. Liliteremshwa kutoka melini, viti vyake vya ngozi, na mbele ya dereva umepita ubao uliong'arishwa mpaka unajiona uso. Nchi yetu haikuliheshimu. Miti iliangushwa, visiki vikabaki, na haikupita wiki bila gari la bwana mkubwa kurudishwa karakana tumbo limechanika. Mwishowe mafundi walichoka kuliziba. Wakachukua vyuma vya springi za lori, wakavipanga juu ya springi zake na kuvifunga, gari likainuka. Mume wangu alikuwa mmoja wa walioshika jeki siku hiyo. Alisema liliinuka kama mbuzi anavyoinuka, nyuma kwanza, kisha mbele, na tangu hapo likabaki limesimama na miguu mirefu isiyolifaa. Alitaka kulia, ila wenzake walikuwa wanatazama.

Baadaye ile kazi ya karanga ilikwisha, kama kila mtu wa kwetu anavyojua. Walioondoka waliondoka, vitu vikauzwa, na ukimya ulioingia Nachingwea ulikuwa mkubwa kiasi kwamba watu waliendelea kupaza sauti kwa mazoea, wakitupiana salamu kwa kelele barabarani kama vile matrekta yapo bado. Gari la bwana mkubwa lilikuwa nyuma ya karakana, halina injini ya kuaminika, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mume wangu aliuziwa gari hilo kama chuma chakavu. Walilivuta kwa kamba hadi nyumbani, na kwa muda wa masika mazima nilipika na kufua nikiwa na miguu ya mume tu, maana sehemu iliyobaki ilikuwa ndani ya boneti.

Wakati huo nilikuwa mgeni pale. Mimi ni mzaliwa wa Likunja, upande wa Ruangwa, Mmwera. Kwetu mwanamume akioa huhamia kwa mkewe, akalima chini ya macho ya mama mkwe mpaka aonekane ni mtu. Mume wangu, ambaye ni Mmakua, alihamia, akalima mihogo na ufuta kwa misimu miwili, na mikono yake ya nati ikaota malengelenge. Kisha akaomba ruhusa ya kunipeleka Nachingwea, ambako ufundi wake ulikuwa na maana. Mama alikuwa akipepeta, akaendelea kupepeta.

"Nendeni," alisema mwishowe. "Lakini mtoto atakapozaliwa, nitakuwapo."

Hilo ndilo sharti alilotoa, na mume wangu alikubali bila kufikiri, kwa jinsi wanaume wanavyokubali mambo yaliyo mbali.

Mimba mbili zilinitoka Nachingwea kabla habari hazijafika Likunja. Sitazieleza. Nitasema tu kwamba baada ya ile ya pili nilianza kuogopa kitanda changu mwenyewe, na kwamba nilijiwekea moyoni neno moja gumu: mama akiwapo, mtoto atakaa, mama asipokuwapo, hatakaa. Hakuna aliyenifundisha neno hilo. Nililiamini kama ninavyoamini kwamba kesho jua litatoka.

Gari lilipoanza kuwaka, ndipo tulipoanza kugombana. Mume wangu alitaka kuvitoa vile vyuma vya lori na kulirudisha gari chini, kama alivyoliona siku ile. Alikuwa na mwanzi alioukata kwa urefu wa kimo cha zamani cha gari, alioukadiria kwa kumbukumbu tu, na jioni alikuwa akiusimamisha kando ya gurudumu, anautazama, anauma midomo.

"Ukilishusha litafika wapi?" nilimwuliza. "Kwa Mwarabu mwenye duka na kurudi?"

"Lilitengenezwa liwe chini."

"Lilitengenezwa huko lilikotengenezwa. Hapa kuna visiki. Njia ya Ruangwa ina kile kijito chenye mawe, na mama yangu yuko ng'ambo ya kijito. Gari lisilofika kwa mama yangu ni banda la kuku, warudishie kuku."

Siku ya pili mwanzi ulikuwa pale pale. Majirani walijua ugomvi wetu wote, maana mimi sigombani kwa kunong'ona. Watu waliotoka Naipingo kuja sokoni walikuwa wakipita uani kwetu kusudi, wanauliza, "Je, leo limeshuka?" Mume wangu anacheka, mimi nanuna. Kwa kweli nilikuwa na wivu. Hakuwahi kunitazama mimi kwa macho yale anayoutazama mwanzi, au alinitazama nisijue.

Mimba ya tatu ilipofika miezi mitano haijatoka, mkunga wa hospitali aliniambia nisisogee mbali. Nijifungulie pale pale, wakinitazama. Basi ikawa wazi: mimi siwezi kwenda kwa mama, mama aje kwangu. Nilituma salamu kwa watu waliokuwa wakileta ufuta kutoka Likunja kuuza. Salamu zilizorudi zilisema kwamba mama ameteleza akiokota korosho, ameumia nyonga, anatembea na mkongojo hatua kumi akapumzika.

Mume wangu aliondoka alfajiri kumfuata. Nilifagia chumba, nikatandika kitanda chake, nikachemsha maji mapema mno yakapoa. Alirudi jioni peke yake. Alishuka garini polepole na kusimama kando ya mlango, kofia mkononi.

"Amekataa?" nikamwuliza.

"Hakukataa. Ameshindwa kupanda."

Akanieleza. Gari lilikuwa juu mno. Mguu wa mama ulikuwa hauinuki, anaweza kuuburuta tu. Angeweza kukaa kama akaavyo kitandani, kwa kujishusha kinyumenyume, lakini kiti cha gari kilikuwa juu kuliko kitanda chake. Waligeuza kinu wakamwekea akanyage, mguu haukufika kwenye kinu. Jirani zake wakataka kumbeba. Hapo mama alipandisha sauti mpaka mbuzi wakasimama.

"Alisemaje?"

"Alisema anayebebwa ni mwali akitolewa unyagoni, na maiti. Uwali wake umepita, na hilo jingine halijafika. Habebwi."

Ilikuwa sauti yake hasa, niliisikia. Lori lilikuwa juu zaidi, basi vilevile. Machela hakutaka hata kuisikia ikitajwa, maana machela ni kubebwa. Mume wangu mwenyewe asingeweza kumsaidia kwa chochote, kwa kuwa mkwe hamshiki mama mkwe hata kwa ncha ya kidole. Alipokuwa Likunja aliongea naye akiwa amekaa upande wa pili wa uwanja, uso ameuelekeza kwenye banda la mbuzi.

"Basi lishushe," nikasema.

Alinitazama kana kwamba amesikia vibaya.

"Toa hivyo vyuma. Si ndicho ulichokuwa unataka? Nimekuruhusu. Lishushe kesho, ukamlete mama."

"Haliwezi," alisema. "Kile kijito, mke wangu. Leo nimepita na gari hivi lilivyo, na mawe yamenikwaruza mara mbili. Likishuka kiganja kimoja halivuki. Hata nikivuka kwenda, sitavuka kurudi, na mama ndani yake."

Alisema kweli, na maneno yalikuwa yangu mwenyewe, yametoka kwenye kinywa chake. Nililia kwa hasira. Yeye aliyetaka kulishusha sasa analinda urefu wake, na mimi niliyeulinda natamani kwenda na shoka kuvikata vile vyuma. Majirani walipouliza kesho yake kama limeshuka, hakuna aliyecheka kati yetu.

Miezi ile ilikuwa na joto zito. Nilikuwa nashindwa kulala ndani, basi mchana nilienda kukaa kwenye kiti cha nyuma cha gari, milango wazi, chini ya kivuli cha mkorosho wetu. Ngozi ya kiti ilikuwa na ubaridi na harufu ya kitu cha mbali. Nilikuwa nasinzia hapo, na gari linakuwa linatembea. Halikuwa limewashwa. Lilikuwa linatembea polepole, chini kabisa, juu ya nchi tupu iliyokatwa miti, likipita visiki na visiki havilidhuru, na mama yuko kando yangu, mikono imelala mapajani, ametazama mbele. Hakuna aliyeshika usukani. Nilipoamka nilikuta mume wangu amesimama anautazama mwanzi wake. Sasa ulikuwa na alama mpya. Alikuwa amewatuma wale watu wa ufuta wamwombe jirani wa mama apime kimo cha kitanda chake kwa kamba, akaletewa kamba yenye fundo, akaihamishia kwenye mwanzi. Kati ya alama ya kitanda na kiti cha gari palikuwa na upana wa kiganja na vidole viwili. Huo ndio uliokuwa kati yangu na mama, kiganja na vidole viwili.

Miezi saba ilipotimia nilisema nakwenda mwenyewe. Mkunga alikataa. Nilimjibu kwa heshima kisha nikafanya nilivyotaka. Mume wangu alijua kwamba kunizuia kungekuwa na madhara zaidi kuliko safari.

Aliendesha kama aliyebeba chungu cha mafuta kichwani. Nakumbuka mashina meupe ya miti pembeni mwa njia, na vumbi jekundu lililoingia dirishani likakaa juu ya tumbo langu, na mtoto akigeuka kila tulipoinama shimoni. Sikumbuki tulizungumza nini. Pengine hatukuzungumza. Kwenye kijito alishuka, akavua viatu, akatembea majini akipapasa mawe kwa nyayo, akarudi, akapita pale alipopapasa. Nilisikia jiwe likisugua chini yetu kwa mlio mrefu, kisha tukawa ng'ambo.

Mama alikuwa amekaa barazani kwake. Alikuwa amekonda. Alinitazama tumbo kabla ya uso, akatabasamu kidogo, akaniambia nikae, nimekuwa mnene. Mume wangu alimwamkia kutoka mbali, akaenda kusimama nyuma ya gari, uso ameuelekeza kwenye banda la mbuzi.

"Mama, nimekuja kukuchukua," nikasema.

"Nimekuona. Na mimi nguo zangu zimefungwa tangu mwezi uliopita." Kweli, kifurushi kilikuwa mlangoni. "Mwambie mkwe alishushe hilo gari lake, nipande."

Nilimweleza kuhusu kijito. Alisikiliza. Vijana wa jirani walitoa wazo la kuchimba mashimo manne mbele ya baraza ili magurudumu yaingie na gari lilale chini. Wengine wakasema heri kurundika udongo, mama apande tuta taratibu. Mama aliwaacha wamalize.

"Hakuna atakayechimba mlangoni kwangu," alisema, "wala kurundika udongo mlangoni kwangu, na mimi bado natazama. Mtachimba siku yake."

Wale vijana waliweka majembe chini. Unaweza kumwita mkaidi. Mimi nilimwita hivyo, kwa sauti, mbele za watu, jambo ambalo binti hapaswi kulifanya. Nilimwambia ninaogopa. Nilimwambia wale wawili walitoka hayupo, na huyu naye atatoka, nami nitatoka naye, kwa sababu yeye hataki kushikwa mkono. Mama hakukasirika. Aliishika midomo yake kwa vidole.

"Ningeweza ningekuja kwa kutambaa," alisema. "Lakini nikikubali kubebwa, mwanangu, nitakuwa nimekwisha. Nitakufikia nikiwa mzigo. Mzigo utakusaidia nini wewe kuzaa?"

Nilikaa chini karibu na kifurushi chake.

Mume wangu alisema, uso bado umeelekea banda la mbuzi, kwamba basi atavitoa vile vyuma pale pale, na Mungu akipenda tutavuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu asiyeamini anachosema. Akatandika gunia chini, akalala chali, akajisogeza chini ya gari aanze kuzitazama nati. Niliona miguu yake tu, kama nilivyoizoea.

Palikuwa na mama mmoja pale, yule jirani aliyempima mama kitanda kwa kamba. Walichezwa unyago pamoja yeye na mama, siku moja, chini ya mwalimu mmoja, na tangu hapo kila mmoja ni nusu ya mwenzake. Alikuwa mwanamke mnene, mnene wa kweli, mwenye pumzi fupi. Alikuwa amesimama muda mrefu, hakuna kiti kilichobaki, na magoti yake yamemchosha. Akalizunguka gari, akageuka, akalikalia buti.

Gari likalia. Sehemu ya nyuma ikashuka.

Chini ya gari mume wangu alipiga kelele. Nilidhani ameumia. Alitoka akijiburuta, nywele zimejaa mchanga, akasimama mbele ya yule mama mtu mzima akamwonyesha viganja viwili.

"Kaa hapo hapo, mama! Tafadhali usiinuke!"

"Nimevunja?" aliuliza yule mama, ameogopa hasa.

"Hujavunja. Umelishusha."

Aliviona vile vyuma vikilala kimoja juu ya kingine, alinisimulia baadaye. Alitazama lile bati likimjia karibu na uso, taratibu, kama siku ile ya kwanza chini ya trekta. Akakimbia kuchukua mwanzi wake. Kiti kilikuwa kimeshuka vidole viwili. Kilibaki kiganja.

Sijapata kuona tena watu wakiitwa kwa kazi ya namna ile. Yule mama aliinuliwa kwanza, magunia ya ufuta yakatolewa ghalani kwa jirani yakajazwa ndani ya buti mpaka mfuniko ukakataa kufunga, naye akakaa tena juu yake. Wanawake wawili walikaa kando ya yule mama mnene. Vijana walioweka majembe chini walisimama juu ya bampa la nyuma wakishikana mabega. Mzee mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuswali adhuhuri alivutwa mkono, akaulizwa uzito wake kwa maneno yasiyo na adabu, akapandishwa. Kila aliyepanda, gari liliugua na kushuka kidogo, na mume wangu amepiga magoti kwenye mlango na mwanzi wake, anasema, "Bado. Bado. Bado kidogo." Watu walikuwa wanacheka mpaka gari linatikisika. Mimi nilikuwa nalia na kucheka pamoja, na mtoto anapiga mateke.

"Hapo," alisema mume wangu. "Msipumue."

Kisha alisimama, akageuka, akaenda zake hadi kwenye banda la mbuzi na kuwapa mgongo, maana mama alikuwa anainuka.

Alikuja na mkongojo wake. Hatua kumi, akapumzika. Hatua tano. Watu wote waliokuwa juu ya lile gari walinyamaza, wamebanana, shingo zimekakamaa. Mama aligeuka, akapapasa kiti nyuma yake kwa kiganja, kama afanyavyo kila jioni kwenye kitanda chake, akajishusha. Akakaa. Akauvuta mguu wake mbovu kwa mikono miwili, taratibu, ukavuka kizingiti cha mlango. Hakuna aliyemgusa.

Ndipo walipoanza kushuka, mmoja mmoja, kwa amri ya mume wangu, wasije wakamtikisa. Alishuka mzee, wakashuka vijana na wale wanawake wawili. Na kila aliyeshuka, gari lilipanda, na mama yumo ndani yake, anapanda. Niliutazama uso wake dirishani ukiinuka polepole, kidogo kidogo. Alishika ukingo wa dirisha. Mwisho aliteremka yule mwenzake, magunia yakatolewa, na gari likainuka mara ya mwisho, mama akawa juu kutushinda sote, anatutazama kutoka huko.

"Mmeninyanyua," alisema kwa Kimwera, kwa mshangao kama wa mtoto. "Na hakuna mtu aliyenishika."

Tukavuka kijito kwa kimo chetu kile kirefu. Jiwe lilisugua, tukapita.

Mama alikuwapo. Mtoto wangu alizaliwa hospitali, msichana, na mama alikaa kwenye kigoda nje ya mlango mchana mzima, akinisemesha kutoka nje kwa maneno ya kwetu ambayo mkunga hakuyaelewa. Alipolia mtoto, mama alinyamaza. Niliogopa kimya kile. Nilipomwita aliitika, lakini sauti ilikuwa imemkauka.

Alibaki kwetu. Kumshusha na kumpandisha garini ikawa kazi ya mtaa wetu mzima. Watoto waliokwenda chuoni kusoma Kurani walijua kwamba wakimwona bibi amesimama karibu na gari, wakimbie kukalia buti. Mara moja, mtoto alipoanza kutambaa, mama alimwambia mume wangu, akitazama pembeni kwa heshima, "Mkwe, sasa lishushe gari lako. Mimi nimekwishafika. Nimesikia ulilitaka liwe chini."

Mume wangu aligeuka kutazama. Mwanzi bado ulikuwa umeegemea ukutani.

"Na siku utakayotaka kurudi nyumbani, mama," alisema, "nitakupitisha wapi?"

Hakulizungumzia tena jambo hilo, na mimi sikulizungumzia. Gari liliendelea kusimama na miguu yake mirefu. Kuna jioni nilimkuta mume wangu akipanda maharage kando ya ukuta, na ule mwanzi ameuchomeka ardhini yapate kutambaa. Nilikwenda nikasimama karibu naye, nikamshikia mbegu.

Msichana wetu alikuwa na miaka mitatu mama alipotutoka, asubuhi, katika kiangazi, akiwa amekaa. Alitaka alale Likunja. Tulimwosha, tukamvika sanda, na wanaume wakamtoa ndani. Walimbeba. Nilisimama mlangoni nikingoja sauti yake ipande, nikingoja awakemee, na hakusema kitu. Walimwinua hadi kwenye kile kiti cha nyuma, kikiwa juu vile vile, na hakuna aliyehitajika kukalia chochote.

Mume wangu aliendesha kama alivyoendesha siku ile. Kwenye kijito alivua viatu.

Habari zilikuwa zimetutangulia. Likunja watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa mama, na majembe yalikuwa yamekwishafanya kazi yake. Gari liliposimama mbele ya baraza, watu walisogea pembeni. Yule mwenzake mama alitoka katikati ya wanawake. Alikuwa amezeeka, pumzi imezidi kuwa fupi. Hakututazama sisi. Alilizunguka gari kwa nyuma, akageuka, akalikalia buti, akashika kingo kwa mikono miwili, akangoja mama ashuke.

Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia kwamba leo mama anabebwa. Gari lilikuwa limeshuka vidole viwili.